Kulijua Wimbi Kabla Halijafika

(Hotuba kwa wanafunzi wa uhandisi na wavuvi, Unguja)

Assalamu alaikum. Wazee wangu mlioacha nyavu zenu ufukweni mkaja kunisikiliza, shikamooni. Vijana, ahsanteni kwa kunialika.

Ami yangu alikuwa nahodha wa ngarawa kule Jambiani. Siku ya kwanza aliponichukua kutoka nje ya mwamba nilikuwa na miaka kama kumi. Wazee mnaujua mlango wenyewe: kushoto jiwe, kulia jiwe, na katikati, ukivuma kusi, wimbi linaumuka mpaka unaona kijani ndani yake. Kutoka tulitoka vizuri. Shughuli ilikuwa kurudi. Tulipoukaribia mlango ami akakunja tanga, akaubana usukani kwapani, akageuza shingo kutazama nyuma. Nilishangaa. Nilidhani mtu akiingia penye hatari hutazama mbele, aone jiwe liko wapi. Jiwe yeye alikwisha kulijua. Asilolijua ni wimbi, na wimbi linatoka nyuma.

Yakapita mawimbi matatu, manne, sisi tumekaa tu tunapanda na kushuka. Nikamwuliza, "Ami, tunangoja nini?" Akanijibu neno moja: "Lile." Mimi sikuona kitu. Baada ya muda akasema, "Haya, kafi!" Nasi tukapiga kafi kwa nguvu zote, na wimbi bado halijatufikia. Lilipoingia chini ya tezi lilikuta chombo tayari kina mwendo, likakichukua mpaka ndani, penye maji yaliyolala. Angesubiri kulihisi wimbi chini yake ndipo aanze kupiga kafi, lingetupita tukabaki mlangoni, na linalofuata lingetukuta ubavu.

Nimefanya kazi na mitambo ya umeme wa mawimbi kwa miaka kadhaa sasa. Kila nikitakiwa kueleza kazi hii kwa dakika chache, nafsi yangu inarudi pale mlangoni. Mtambo wa mawimbi haushindwi kwa kukosa nguvu ya bahari. Nguvu ipo tele. Unashindwa kwa kukosa wakati: unapanda wimbi likiwa limeshapita. Dawa ninayokuja kuieleza leo ni udhibiti wa kutabiri, yaani kompyuta inayolikadiria wimbi kabla halijafika na kuuongoza mtambo ulipokee.

Tuanze na nguvu yenyewe, tuwe na hesabu mkononi. Chukueni bahari ya kawaida, mawimbi yake makubwa yana kimo cha mita 2 na yanapishana kila sekunde 8. Kila mita moja ya upana wa bahari hiyo inapitisha kama kilowati 16, usiku na mchana. Ngarawa ikikaa kiubavu imepitiwa na umeme wa nyumba nyingi. Kimo kikiongezeka mara mbili, nguvu inaongezeka mara nne. Ndiyo maana tangu mwaka 1799, pale Girard na mwanawe walipoandikisha hati ya uvumbuzi mjini Paris, watu hawajaacha kuitamani.

Sasa wekeni boya juu ya maji hayo. Boya la chuma, limefungwa kwa kamba hadi sakafu ya bahari, na ndani yake mna jenereta inayozungushwa kila boya likipanda na kushuka. Mtu atasema kazi imekwisha. Haijakwisha. Boya lina mwendo wake lenyewe, kama bembea ya mtoto. Likandamize kidogo kwenye maji matulivu uliachie, utaliona linapanda na kushuka kwa mapigo yake. Boya ambalo kina chake cha kuzama, pamoja na maji linayoyakokota, ni kama mita 4, mapigo yake ni sekunde 4. Wimbi linakuja kwa sekunde 8. Havilingani. Boya linabaki kufuata uso wa maji kama kifuu, linapanda maji yakipanda, na msukumo mkubwa wa wimbi unafika wakati boya limefika juu na kusimama. Umewahi kumsukuma mtoto kwenye bembea wakati anakujia? Nguvu yako yote inaishia mikononi mwako.

Dawa ya kwanza anayoifikiria kila mtu ni kulifanya boya kuwa kubwa ili mapigo yake yawe polepole. Hesabu inakataa. Ili mapigo yaongezeke mara mbili, kina kinatakiwa kiongezeke mara nne: kutoka mita 4 hadi mita 16. Hicho ni chuma kingi mno, na chuma ndicho kinachokula fedha za miradi hii.

Dawa ya pili ilitoka Norway. Baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973 nchi nyingi ziligeuza macho baharini. Kule Edinburgh, Uskoti, Stephen Salter aliunda mtambo wake uliopewa jina la bata, ambao kwenye tangi la majaribio ulinyonya zaidi ya asilimia 80 ya nguvu ya wimbi. Wakati huohuo, Trondheim, wanafizikia wawili, Kjell Budal na Johannes Falnes, walikaa na boya dogo. Wazo lao naona ni zuri kuliko yote niliyosoma katika fani hii, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo.

Walisema hivi. Boya likifika chini kabisa na kusimama, likamateni. Tieni breki. Maji yapande, boya lisipande. Lizamishwe, linung'unike. Kisha, kabla tu ya kilele cha wimbi kufika, liachieni. Litaruka juu kwa kasi, na kasi yake kubwa itakutana na msukumo mkubwa wa wimbi saa ileile. Likifika juu na kusimama, likamateni tena, bonde la wimbi linakuja, liachieni lishuke. Boya dogo sasa linacheza ngoma ya wimbi kubwa bila kuongezewa kilo moja ya chuma.

Angalieni saa. Boya lenye mapigo ya sekunde 4 linafikia kasi yake kubwa baada ya robo ya mapigo, yaani sekunde 1. Basi breki lazima ifunguliwe sekunde 1 kabla ya kilele. Na nani amekwambia kilele kinafika baada ya sekunde 1? Kwenye tangi la maabara mawimbi yanafanana kama shanga, unahesabu tu. Baharini hakuna mawili yanayofanana. Hapo ndipo Budal na Falnes walipokutana na ami yangu: wote walihitaji kutazama nyuma.

Wasomi walipolichimba jambo hili hadi chini, walikuta kwamba hitaji la kujua yajayo limo ndani ya fizikia yenyewe. Ili boya linyonye nishati yote linayoweza, nguvu ya jenereta ya sasa hivi inategemea wimbi ambalo bado halijafika. Mtambo unaotazama ya sasa na yaliyopita peke yake utapata fungu, hautapata kilicho bora. Na kilicho bora ni kikubwa kuliko inavyodhaniwa. Boya linalopanda na kushuka likiwa na wakati wake sawasawa linaweza, kwa nadharia, kuvuta nishati ya upana wa bahari unaolingana na urefu wa wimbi ukigawanywa kwa 6.28. Wimbi la sekunde 8 lina urefu wa kama mita 100. Basi boya linavuta upana wa mita 16, hata kama lenyewe lina upana wa mita 5 tu. Bahari ya pembeni inajikunja kulifuata. Nilipoisoma mara ya kwanza niliifunga daftari nikatoka nje kutembea, maana sikuamini. Inatokea kwa sababu boya linalonyonya wimbi ni boya linalotengeneza wimbi lake, na mawimbi hayo mawili yanafutana. Asiyeweza kutengeneza wimbi hawezi kulinyonya.

Sasa niseme juu ya udhibiti wa kutabiri, ambao ndio ulionileta. Haukuzaliwa baharini. Ulizaliwa kwenye viwanda vya kusafisha mafuta na vya kemikali mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa wahandisi wa Ufaransa na wa Shell kule Marekani. Tanuri la kiwanda ni zito, ukigeuza koki leo matokeo unayaona baada ya dakika nyingi, kwa hiyo walihitaji kompyuta inayowaza mbele.

Hufanya kazi hivi. Ndani ya kompyuta mna modeli ya boya, yaani milinganyo inayosema: nikivuta kwa nguvu kiasi hiki, boya litakwenda hivi. Kila sehemu ndogo ya sekunde kompyuta inauliza boya liko wapi na lina kasi gani. Inapokea utabiri wa wimbi la sekunde chache zijazo. Inajaribu kichwani mwake mipango mingi ya kuvuta na kuachia kwa sekunde hizo, inachagua ule utakaotoa nishati nyingi, tena bila kuligongesha boya kwenye mwisho wa njia yake na bila kuidai jenereta nguvu isiyo nayo. Kisha inafanya jambo ambalo wanafunzi wangu huwa wanaliona la ajabu: inatekeleza hatua ya kwanza tu ya mpango huo, hatua nyingine zote inazitupa. Inapima upya, inatabiri upya, inapanga upya. Ami naye pale mlangoni alikuwa na mpango mzima wa kuingia, lakini kila pigo la kafi alikuwa akiufuta na kuuandika tena.

Tofauti na kiwanda cha mafuta ni kwamba kule kompyuta inapewa lengo: weka joto hapa, usiliache lihame. Baharini halipo lengo la namna hiyo. Unaiambia tu, chuma kadiri uwezavyo, usivunje kitu. Hiyo "usivunje kitu" ndiyo iliyonifanya nipende njia hii kuliko nyingine. Hesabu za zamani za kilicho bora zilikuwa zinalitaka boya la mita 4 liruke mita 10. Karatasi inakubali, chuma kinakataa. Udhibiti wa kutabiri unaijua mipaka tangu mwanzo na unapanga ndani yake.

Na utabiri unatoka wapi? Njia moja ni kulisikiliza wimbi palepale ulipo. Mawimbi marefu yanayotoka mbali, yale ya kusi yaliyozaliwa na tufani ya kusini huko, yana nidhamu: ukiyajua ya dakika iliyopita unaweza kuyakadiria yajayo. Mwaka 2010 Francesco Fusco na John Ringwood, wa Maynooth nchini Ireland, walionyesha kwa vipimo vya baharini kwamba mawimbi hayo yanaweza kutabiriwa vizuri hadi mbele kiasi cha vipindi viwili vya wimbi, kwa hesabu nyepesi tu, ilmradi uyachuje yale madogo ya upepo wa karibu. Yale madogo hayatabiriki, na bahati njema hayana nishati ya kuyahangaikia.

Njia ya pili ni kuweka boya jingine mbele, au rada, likupe habari. Watu wengi hudhani hiyo ndiyo rahisi. Ina mtego. Baharini mawimbi hayakimbii sawa: la sekunde 12 linakwenda kama mita 19 kwa sekunde, la sekunde 6 linakwenda kama 9. Yakilipita boya la mbele pamoja, baada ya mita 300 moja limefika kwa sekunde 16 na jingine kwa 32. Umbo uliloliona kule silo litakalokufikia. Lazima ulipasue wimbi vipande vipande, kila kipande ukisafirishe kwa mwendo wake, kisha uvishone upya.

Nami nimeumizwa na jambo hili. Miaka ya nyuma nilikuwa kwenye maabara moja, tangi la maji, boya langu ukubwa wa ndoo. Mawimbi ya tangi yalikuwa ya sekunde 1 na nusu. Kwenye kompyuta mpango wangu ulikuwa unanipa nishati karibu maradufu. Nikauwasha. Boya likaanza kupigana na maji, linakwenda chini maji yakilitaka juu, linarusha matone mpaka kwenye daftari. Nikatazama mita ya umeme: namba ina alama ya kutoa. Mtambo ulikuwa unakula umeme. Siku mbili nilitafuta kosa kwenye milinganyo, halikuwepo. Lilikuwa kwenye kichujio nilichokiweka mwenyewe kusafisha kelele za kihisi, yaani vijitetemo vya uongo kwenye vipimo vya kifaa kinachopima mwendo. Kichujio kilikuwa kinachelewesha habari kwa sekunde 0.4. Kwenye wimbi la sekunde 1 na nusu, hiyo ni zaidi ya robo ya wimbi. Boya langu lilikuwa linapanda kwa bidii wimbi lililokwisha kwenda zake. Tangu siku ile nikiletewa matokeo ya kompyuta swali langu la kwanza ni: habari inachukua muda gani kufika?

Swali langu la pili ni la fedha, yaani hasara ya njiani. Ili boya lende sambamba na wimbi bila breki, mara nyingine jenereta inageuka kuwa mota na kulisukuma. Unaikopesha bahari nguvu ili ikurudishie zaidi. Tufanye hesabu ya mfano. Unaikopesha bahari 100, inakurudishia 200. Kwenye karatasi umepata 100. Lakini mashine zako zinapoteza asilimia 20 kila upande. Kuisukumia bahari 100 kumekugharimu 125, na zile 200 zimefika kwako zikiwa 160. Umebaki na 35. Kidhibiti kisichoambiwa hasara hizi kitakopa kama mtu aliyepewa duka la mwenziwe, na mwisho wa mwezi unaweza kukuta ungepata zaidi kwa kuliacha boya livute tu bila ujanja. Tafiti nyingi zinatangaza ongezeko kubwa huku zikidhani mashine haipotezi kitu. Msizibebe hivyohivyo. Mwambieni mwandishi aweke hasara ndani ya hesabu, ndipo mzungumze.

Kuna mfano hai ninaopenda kuutaja. Kaskazini mwa Ureno, mahali paitwapo Aguçadoura, mwaka 2008 waliweka mitambo mitatu ya Pelamis, mirefu kama nyoka wa chuma, jumla megawati 2.25. Ilirudishwa bandarini baada ya miezi michache, na kampuni yenyewe ilianguka mwaka 2014. Bahari ileile, mwaka 2023, kampuni ya Sweden iitwayo CorPower Ocean ikaweka boya moja la kilowati 300, upana wake mita 9. Wazo lake lilianzia kwa daktari wa moyo, Stig Lundbäck, aliyekuwa akichunguza jinsi moyo unavyosukuma damu. Ndani ya boya mna silinda za hewa iliyobanwa zinazolisukuma litoke pale linapotaka kutulia, na hivyo mapigo yake yanarefuka yakaribiane na ya wimbi. Ugumu wa boya, yaani ile nguvu inayolirudisha mahali pake, umelegezwa kwa hewa, na kompyuta inabaki na kazi ndogo ya kurekebisha. Tufani ikija wanafanya kinyume: wanaliondoa kwenye ngoma, mawimbi yanapita bila kulitikisa sana. Novemba ileile yalipita mawimbi ya hadi mita 18.5, boya likabaki. Kujua namna ya kutoupokea msukumo ni sehemu ya udhibiti, na mimi nadhani ndiyo iliyowaua waliotangulia kwa kutoipa uzito.

Binti mmoja aliniuliza pale mlangoni kabla sijapanda hapa: haya ya Atlantiki, sisi yanatuhusu nini? Nimemwahidi jibu mbele ya watu. Bahari yetu si ile. Madagaska inatukinga, miamba inatukinga, na kwenye kaskazi kuna siku bahari ya mashariki inalala kama mkeka. Asiwadanganye mtu kwamba Unguja itawashwa na mawimbi kesho. Lakini sikilizeni jambo hili. Wimbi likiwa kubwa sana, boya linagonga mipaka yake na jenereta inafika mwisho, hapo ujanja hauongezi kitu. Udhibiti unalipa kwenye bahari ya wastani, ambako boya lina nafasi ya kucheza. Sisi tunayo ya wastani.

Na tunajua giza ni nini. Nani hapa amesahau Disemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu, kisiwa kizima bila umeme wa gridi, watu wanabeba madumu ya mafuta ya jenereta, samaki wanaoza kwa kukosa barafu? Mimi nilikuwa nikipiga simu nyumbani na kukatiwa njiani kwa sababu simu ya mama imezima. Mjapani Yoshio Masuda hakuanza na mji. Alianza na taa za maboya ya kuongozea meli, na tangu mwaka 1965 maboya hayo yakauzwa yakiwaka kwa wimbi. Taa ya mlango wa mwamba, redio ya wavuvi, sanduku la barafu pale diko. Hapo ndipo ningeanza mimi.

Kabla ya boya lolote la umeme, tunahitaji kitu ambacho hakuna atakayetuletea: rekodi ya mawimbi yetu wenyewe, sekunde kwa sekunde, nje ya mwamba wetu, kusi na kaskazi. Kidhibiti kinatabiri kwa kujifunza bahari yake. Ukikipa bahari ya Ureno kitakuja kutabiri Ureno hapa Jambiani. Wazee mnayo rekodi hiyo vichwani, na vijana mnao ujuzi wa kuiandika. Kihisi chenyewe cha kupimia mwendo wa wimbi ni kilekile kilichomo ndani ya simu mlizoshika.

Boya hili hapa mbele ya meza tumelitengeneza wiki hii na wanafunzi sita: dumu la lita 20, betri, kadi ya kumbukumbu, gundi nyingi. Kesho saa kumi na moja alfajiri, kabla maji hayajapwa, tunalitoa nje ya mwamba kwa ngarawa mbili. Ami yangu hatoki tena baharini, miguu imemwacha, lakini amesema atakaa pale ufukweni aonyeshe kwa fimbo mahali pa kutia nanga. Nimemwomba pia jambo moja: kila akiliona wimbi lake, aseme "lile", nasi tuandike saa. Tukirudi tutaweka maneno yake kando ya namba za boya, tuone alikuwa akiliona sekunde ngapi mbele.

Karibuni mliguse.